Herufi K

Miaka kumi na minne imekaa pembeni mwa majlisi,
Mabela, nyumba ya tatu baada ya duka la gesi,
imefunikwa kitambaa nilichokidarizi mwenyewe
kana kwamba ni mtungi wa maji.
Ukiiwasha inakohoa. Inakohoa tena.
Feni yake imemeza vumbi la kila kiangazi.
Halafu inafikiri.
Unakwenda kuchemsha kahawa, unarudi, bado inafikiri.

"Shangazi," Mundhir akasema, "hii imekula chumvi."
Nikamuuliza, "Na mimi je?"

Tukaipeleka Ruwi, Alhamisi baada ya magharibi.
Biju wa dukani akaipigapiga mgongo
kama mtoto aliyekwisha kunyonya,
akaifungua, akatoa vumbi limeshikana kama manyoya ya paka,
akatikisa kichwa vile wanavyotikisa kwao,
ambavyo hujui ni ndiyo au ni hapana.
Hii ilikuwa hapana.
Mpya, riyali mia na themanini.
Nikampa mia na hamsini, akashika kifua.
Tukakutana kwenye mia na sitini na tano
na kipanya cha bure.

Nyumbani ikawaka kabla sijakaa vizuri.
"Sasa chagua kivinjari."
Kuvinjari nakujua. Mama alilitumia neno hilo
kwa vijana waliopita na kupitapita
chini ya dirisha lenye msichana.
"Basi," nikamwambia, "nitafutie mwenye adabu."

Akanipangia kama wachumba.
Huyu ana mbio, lakini mlafi,
anakula kumbukumbu yote ya mashine, wenzake walale njaa.
Huyu amekuja na sanduku, hakualikwa,
ukimtoa mlangoni anarudi dirishani kubembeleza.
Huyu wa tatu msiri, anafuta nyayo zake.
"Na vidakuzi?" nikauliza.
Mtoto akacheka, hakutaraji nalijua neno.
Wadakuzi kwetu kila baraza lilikuwa na wake,
kwa nini nisiwajue wakiwa wadogo?

Nikamchukua wa tatu. Si kwa usiri.
Nilimwona anasema *Funga kichupo*, anasema *Rudi nyuma*,
kwa Kiswahili, bila kuona haya.
Ile kuukuu kila nilichoandika ilikipigia mstari mwekundu,
barua, mapishi, hata jina langu,
miaka yote hiyo, mwalimu anayesahihisha somo asilolijua.

"Nikuhamishie historia?"
"Ya nani?"
"Ya hii. Vyote vilivyotafutwa."

Ngoja kwanza, nikasema.
Nikaifunua kitambaa, nikaiwasha, nikangoja.
Nilikuwa na haja ndogo tu:
kunguru wanaonimalizia tende uani.
Nikagusa k.
Ikamalizia yenyewe, haraka, kwa mara ya kwanza maishani mwake:

kikohozi kisichopona
kikohozi damu kidogo tu
kikohozi mke asijue afanye nini mtu

Mwezi wa tatu, mwaka ule.
Mimi niliambiwa mwezi wa sita, hospitali, na daktari.
Marhuni, aliyekuwa akikilaumu kiyoyozi.
Marhuni, aliyeniambia punguza ubani.
Alikaa hapa, kwenye kiti hiki, mimi nimelala,
akiuliza kwa vidole viwili.

Na mashine ilijua.
Miaka mitatu tangu tumzike imekaa na siri ile
chini ya maua niliyoyashona mimi,
ikikohoa, ikikohoa.
Haikudakua.

"Shangazi? Nihamishe?"
"Alamisho lete. Historia mwachie mwenyewe."

Usiku nikakaa na mpya, taa nimezima.
Kisanduku cheupe. Kimstari kinapepesa.
Nikagusa k.
Hakikuja kitu.
Nikangoja kidogo hivi, sijui nikingoja nini,
kisha nikaendelea:
kunguru wanakula tende dawa yake.

Kesho nikigusa k
italeta kunguru.